Nakala iitwe nakala: soko la ndege za kivita za zamani linapima kitu kisicho sahihi

Mwezi Julai 2015, katika mnada wa Christie's jijini London, ndege ya kivita aina ya Spitfire yenye namba P9374 iliuzwa kwa zaidi ya paundi milioni 3.1 za Uingereza. Ndege hiyo ilitua kwa dharura kwenye ufuko wa Calais, Ufaransa, mwezi Mei 1940, ikamezwa na mchanga, na ikaonekana tena mwaka 1980. Mabaki yake yalipelekwa Uingereza, yakashughulikiwa na mafundi, na mwaka 2011 ndege ikarudi angani. Kila anayeijua kazi ya alumini anafahamu kwamba chombo kilicholala miaka 40 katika maji ya chumvi hakiruki tena bila kuwekewa vyuma vipya kwa wingi. Hata hivyo, soko lililipa bei ya kitu cha asili.

Wakati huo huo zipo karakana nchini Ujerumani, Marekani, Urusi na New Zealand ambazo zimeunda ndege za kivita za zamani upya kabisa, kwa ukubwa ule ule, kwa michoro ile ile au kwa vipimo vilivyochukuliwa kutoka ndege halisi, na zinaruka. Kazi yake si ndogo kuliko ile ya kufufua mabaki, na mara nyingine ni kubwa zaidi. Lakini zinapofika sokoni hutazamwa kama mali ya kuiga, na wenye fedha nyingi huzipita wakitafuta kitu chenye namba ya vita.

Huo ni upimaji mbaya, na hasara yake haiishii kwenye mifuko ya matajiri wachache. Unawasukuma wamiliki kuendelea kurusha vyombo vya asili ambavyo vikianguka havipatikani tena, na unawanyima mafundi wenye ujuzi adimu malipo yanayolingana na kazi yao. Soko hili linahitaji kuipa nakala thamani yake. Hilo haliwezekani kabla nakala haijakubali kuitwa nakala.

KADI YA GARI NA GARI LENYEWE

Mnunuzi wa magari yaliyotumika Dar es Salaam au Mombasa hahitaji somo refu juu ya jambo hili. Lipo gari lililobadilishwa injini, likabadilishwa bodi, likabadilishwa gia boksi, na kilichobaki cha zamani ni namba ya chesisi na kadi. Kwa serikali, gari ni lile lile. Kwa fundi aliyelilalia chini, gari ni jingine. Watu wa pwani nao wanayajua majahazi yaliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hadi hausalii hata mmoja wa awali, lakini jina ubavuni ni lile lile.

Katika ndege za zamani, kadi hiyo ni bamba dogo la chuma lenye namba ya kiwandani, pamoja na kumbukumbu za kikosi ndege ilikotumika. Kutokana na bamba hilo, sokoni kuna bidhaa za aina tatu. Ya kwanza ni ndege ya asili ambayo sehemu kubwa ya mwili wake ndiyo iliyotoka kiwandani. Ya pili ni ndege iliyofufuliwa, ambayo ina namba ya asili na vipande vyake kadhaa, lakini vingi ni vipya. Ya tatu ni nakala, ambayo ni mpya yote.

Tofauti ya bei kati ya ya pili na ya tatu ni kubwa kuliko tofauti ya vyuma vyake. Anayenunua ya pili, kwa sehemu kubwa ya fedha yake, ananunua kumbukumbu. Hakuna ubaya mtu kununua kumbukumbu, kwani hata picha za kuchora huuzwa hivyo. Ubaya unaanza pale soko zima linapoamini kwamba kumbukumbu ndiyo ubora, na kwamba kisicho na namba hakina maana.

PASIPO NAKALA HAKUNA KITU

Ziko ndege ambazo bila nakala dunia isingeziona kabisa. Mfano ulio wazi ni Fokker Dr.I, ndege ya Kijerumani yenye mabawa ya ghorofa tatu, iliyopata umaarufu kwa sababu ya rubani Manfred von Richthofen aliyeuawa Aprili 1918. Zilitengenezwa 320 tu. Moja ilihifadhiwa katika makumbusho ya Berlin, nayo ikateketea kwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo hakuna Dr.I hata moja ya asili iliyosalia. Kila ndege ya aina hiyo inayoonekana kwenye maonyesho, iwe inaruka au imening'inizwa darini, ni nakala.

Hapa hoja ya namba inakufa yenyewe. Mnunuzi wa Dr.I hana namba ya kuuliza, kwa hiyo analazimika kuuliza maswali yenye maana: nani ameiunda, kwa michoro ipi, kwa mbao gani, na kwa injini gani. Inafaa kukumbuka kwamba ndege hizo za asili zilisimamishwa kuruka mwishoni mwa mwaka 1917 baada ya mabawa yake kuvunjika angani, na uchunguzi ukaonyesha kasoro za ujenzi. Mwenye kuunda nakala leo ana nafasi ya kujenga bawa kwa uangalifu ambao kiwanda cha vita hakikuwa nao. Nakala nzuri inaweza kuwa chombo bora kuliko kile inachokiiga.

SAFARI YA ME 262

Kesi inayofundisha zaidi kuhusu gharama na kazi ni ile ya Messerschmitt Me 262, ndege ya kwanza ya kivita yenye injini za jeti kuingia vitani. Ujerumani iliunda zaidi ya 1,400 kabla ya vita kwisha mwaka 1945. Zilizosalia ni chache na ziko katika majumba ya makumbusho. Afrika nayo ina moja, katika makumbusho ya historia ya kijeshi ya Johannesburg.

Mwaka 1993 ulianza mradi nchini Marekani wa kuunda tano mpya. Jeshi la maji la nchi hiyo lilikuwa na Me 262 ya viti viwili iliyokuwa ikichakaa nje katika kituo cha Willow Grove, Pennsylvania. Makubaliano yalikuwa ya kibiashara kabisa: wajenzi waruhusiwe kuifungua na kuchukua vipimo vya kila kipande, na badala yake waitengeneze na kuirudisha ikiwa safi. Jeshi likapata ndege yake ikiwa imeokolewa na kutu, na wajenzi wakapata kielelezo ambacho fedha isingekinunua.

Kazi ilianzia Texas, kisha ikahamishiwa Everett, katika jimbo la Washington, ambako waliokuwa watu wa viwanda vya ndege walikuwepo kwa wingi. Mwaka 1999 mwasisi wa mradi, Stephen Snyder, alifariki katika ajali ya ndege nyingine ya zamani, F-86 Sabre. Mradi haukufa naye. Nakala ya kwanza iliruka tarehe 20 Desemba 2002, miaka tisa baada ya kuanza. Mwezi uliofuata mguu mmoja wa magurudumu ulishindwa wakati wa kutua, ndege ikaharibika, na ikabidi itengenezwe tena. Nakala nyingine ilinunuliwa na taasisi ya Messerschmitt ya Ujerumani na kuanza kuruka huko mwaka 2006.

Kwa mwekezaji, miaka tisa kati ya senti ya kwanza na safari ya kwanza ni habari ya kutisha. Mshahara wa mafundi hausubiri ndege iruke. Biashara ya namna hii haiendeshwi kwa mkopo wa benki. Inaendeshwa na watu walio tayari kufunga fedha zao kwa muongo mzima, na wanaojua kwamba huenda wasiione faida.

INJINI NDIYO NUSU YA BEI

Me 262 ya vita ilitumia injini mbili za Jumo 004. Kwa uhaba wa madini wakati ule, injini hizo zilidumu kwa saa 10 hadi 25 tu za kuruka kabla ya kufunguliwa au kutupwa. Hakuna kampuni ya bima wala rubani mwenye akili timamu ambaye angezikubali leo. Wajenzi wakachagua injini za Kimarekani za General Electric, za jamii ya J85, ambazo hudumu kwa saa nyingi mno kuzidi hizo na vipuri vyake vipo.

Lakini kubadilisha injini ya ndege si kama kubadilisha injini ya lori. Jumo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 700, ile mpya haifiki kilo 200. Ndege inapopoteza uzito mahali pasipotarajiwa, mizani yake yote hubadilika. Msukumo nao ni mwingine: Jumo ilitoa kilo 900 hivi, injini mpya inaweza kutoa karibu 1,300. Mafundi waliiweka injini ndogo ndani ya gamba lenye umbo la ile ya zamani, wakaimarisha breki na miguu ya magurudumu, na marubani wakawekewa kikomo cha mwendo ili nguvu mpya isipasue mwili uliobuniwa kwa nguvu ya zamani.

Jambo la kusifiwa ni kwamba wajenzi hawakuficha hayo. Ndege hizo ziliitwa A-1c na B-1c, majina ambayo hayakuwahi kutumika vitani, ili mnunuzi ajue tangu mwanzo kwamba hizi ni za injini nyingine.

Hali ni hiyo hiyo kwingineko. Kampuni ya Flug Werk ya Ujerumani ilitengeneza seti 20 hivi za Focke-Wulf Fw 190, ndege ambayo viwanda vya vita vilitoa zaidi ya 20,000. Ya kwanza iliruka mwaka 2004. Injini ya asili ya BMW ilikuwa adimu mno, wakachagua injini ya silinda 14 iliyobuniwa Urusi na kuendelea kutengenezwa China kwa miaka mingi baada ya vita. Ndege hiyo iliitwa A-8/N, herufi ya mwisho ikisimama kwa neno la Kijerumani lenye maana ya kujengwa tena. Nchini Urusi nako, kuanzia mwaka 1991, kwa maombi ya makumbusho moja ya California, Yakovlev walirudi kuunda Yak-3 mpya huko Orenburg. Ziliwekewa injini za Allison za Kimarekani na kuitwa Yak-3UA.

Mnunuzi anayesema kwamba injini ngeni imeiharibu ndege ana haki ya maoni yake. Ajiulize tu kama angependa kukaa nyuma ya injini ya saa 25.

HESABU YA NDEGE CHACHE

Kinachoua biashara hii ni idadi. Kabla ya kukata bati la kwanza, karakana lazima iwe na michoro kamili, kalibu za kukunjia bati, na fremu nzito za chuma zinazoshikilia vipande visisogee hata milimita moja wakati wa kuunganishwa. Gharama hiyo ni ile ile, iwe inaundwa ndege moja au mia.

Mathalani maandalizi yakigharimu dola milioni 10, ndege moja itabeba mzigo wote wa milioni 10. Zikiwa tano, kila moja itabeba milioni mbili. Zikiwa 20, mzigo unashuka hadi nusu milioni. Hiyo ni hesabu ya mfano tu, lakini inaonyesha kwa nini kiwanda cha vita kiliweza na karakana ya leo inahangaika. Inaonyesha pia kwa nini mradi wa ndege moja ni anasa, na mradi wa ndege 20 ni biashara, ilimradi wapatikane wanunuzi 20.

Wanunuzi hao ndio hawapatikani kwa urahisi, kwa sababu soko limewafundisha kudharau kitu kisicho na namba. Mwenye fedha anaweza kutumia mamilioni kufufua vipande vya chuma vilivyookotwa msituni, akiogopa kutumia fedha hiyo hiyo kwa ndege mpya yenye michoro ile ile. Matokeo yake kalibu zinabaki ghalani, na mafundi waliojifunza kuzitumia wanazeeka bila wanafunzi.

MBAO ZA MOSQUITO

Hakuna ndege inayoonyesha ukungu uliopo kati ya kufufua na kuunda upya kama de Havilland Mosquito. Waingereza, Wakanada na Waaustralia walitengeneza 7,781, na kiwiliwili chake kilikuwa cha mbao: plaiwudi nyembamba nje na ndani, katikati mbao nyepesi za balsa, vyote vikiunganishwa kwa gundi juu ya kalibu kubwa, nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Mbao na gundi za wakati wa vita hazikupendana na unyevu. Mwaka 1944 zilizokuwa India na Burma zilisimamishwa kwa muda baada ya kuonekana zikiachana kwenye maungio.

Mwezi Julai 1996, Mosquito pekee iliyokuwa bado ikiruka Uingereza ilianguka kwenye maonyesho karibu na Manchester, ikawaua watu wawili waliokuwemo. Dunia ikakaa miaka 16 bila Mosquito angani. Iliyovunja ukimya huo, mwezi Septemba 2012 huko Ardmore, New Zealand, ilikuwa KA114, iliyoundwa Kanada wakati wa vita na kuachwa shambani hadi mbao zake zikaoza. Chuma chake kingi kilitengenezeka. Mbao hazikutengenezeka, na kiwiliwili kipya kilitolewa kwenye kalibu mpya ambazo fundi Glyn Powell wa New Zealand alitumia miaka kuziunda. Gundi nayo ilikuwa ya kisasa.

Kwa karatasi, KA114 ni ndege ya vita iliyofufuliwa. Kwa macho ya seremala, ni ndege mpya yenye viungo vya zamani. Thamani yake halisi, ile inayoifanya iruke, ilitoka kwenye zile kalibu. Kutoka hapo zimefuata Mosquito nyingine zinazoruka. Bila kalibu, namba za kiwandani zingebaki namba. Mwenye kalibu, si mwenye bamba, ndiye aliyeirudisha Mosquito angani, na soko linapaswa kumwona hivyo.

ASILI IKAE, NAKALA IRUKE

Hapa ndipo suala linapotoka kwenye fedha na kuingia kwenye uhai wa watu. Mwezi Oktoba 2019, ndege ya mabomu aina ya B-17 iliyokuwa ikibeba abiria wa burudani ilianguka katika uwanja wa Bradley, Connecticut, na watu saba wakafa. Mwezi Novemba 2022, katika maonyesho ya Dallas, Texas, B-17 nyingine iligongana angani na ndege aina ya P-63, na wote sita waliokuwemo wakafa. Vyombo vyote vitatu vilikuwa vya wakati wa vita, na ndege za aina hizo zinazoruka duniani zinahesabika.

Itasemwa, kwa haki, kwamba nakala nayo huanguka, na aliyekufa katika nakala amekufa vile vile. Mguu wa Me 262 mpya ulishindwa katika mwezi wake wa pili. Upya si kinga, na hakuna anayepaswa kuuza nakala kwa kudai kwamba haianguki. Lakini kuna tofauti mbili. Kwanza, chuma kipya kina historia inayojulikana: siku kilipokatwa, aina yake, saa kilizoruka. Chuma cha mwaka 1943 kimepita kwenye mikono mingi, na nyufa zake nyingine hazionekani kwa macho. Pili, nakala ikivunjika, michoro na kalibu zipo. Cha asili kikivunjika, ushahidi wa jinsi watu wa wakati ule walivyofanya kazi umekwenda nacho, hadi alama za nyundo na rangi ya kwanza.

Ndege iliyosimama inaweza kusomwa kwa miaka mia. Ndege inayoruka inasomwa hadi siku yake ya mwisho. Kwa hiyo mgawanyo wa busara ni kwamba chombo cha asili kilichosalia kimoja au viwili kikae chini ya paa, na kazi ya kuruka, kutoa sauti, na kufurahisha watoto kwenye maonyesho ifanywe na nakala.

Mgawanyo huo umekwisha kujaribiwa, na mojawapo ya majaribio yake ilivuka Afrika. Mwaka 1919 ndege ya mabomu aina ya Vickers Vimy, yenye injini mbili na mabawa ya zaidi ya mita 20, ilivuka bahari ya Atlantiki bila kutua. Mwaka huo huo nyingine ikatoka Uingereza hadi Australia. Mwaka 1920 marubani Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini walijaribu njia ya London hadi Cape Town. Vimy ya kwanza waliivunja Korosko, kusini mwa Misri, ya pili Bulawayo, na wakamaliza kwa ndege nyingine. Mwezi Februari mwaka ule ule, Vimy ya abiria iliyodhaminiwa na gazeti la The Times katika njia hiyo iliishia Tabora, ambako ilianguka na kuachwa. Joto na mwinuko wa nyanda za ndani za Afrika vilizishinda injini zilizokuwa zimevuka bahari.

Vimy ya Atlantiki ipo katika makumbusho ya sayansi London, na ile ya Australia ipo Adelaide. Hakuna mtu mwenye akili angezitoa huko azirushe. Badala yake, mwaka 1994 iliundwa nakala ya ukubwa kamili. Mwaka huo iliruka kutoka Uingereza hadi Australia, na njiani ikalazimika kutua Sumatra baada ya injini kuharibika. Mwaka 1999 ikaenda Uingereza hadi Cape Town. Mwaka 2005 ikavuka Atlantiki kutoka Newfoundland hadi Ireland. Hatimaye ikapumzishwa katika makumbusho ya Brooklands, Uingereza. Nakala moja ikarudia safari tatu zilizokuwa zimegharimu ndege kadhaa, na ndege za asili hazikuguswa hata parafujo.

MNUNUZI AULIZE NINI

Wapo wanaohofu kwamba nakala za leo zitakuwa uongo wa kesho. Ndege inayoundwa upya vizuri, ikipita mikono mitatu na kuchakaa miaka 30, mjanja anaweza kuipachika bamba la kuokota na kuiuza kama ya vita. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu jina la nakala lisionewe aibu. Majina kama A-1c na A-8/N ni mfano wa kufuatwa. Sheria za Ulaya nazo zinaitambua nakala yenye muundo unaofanana na wa ndege ya kihistoria kama kundi lake lenyewe, linalosimamiwa na mamlaka ya kila nchi badala ya kanuni za ndege za kawaida. Kwa hiyo mlango wa halali upo, hakuna haja ya kupita dirishani.

Anayetaka kununua, awe mtu binafsi au makumbusho, anahitaji kuona mambo manne kabla ya kufungua pochi. La kwanza ni asili ya vipimo: je, ni michoro ya kiwanda, au vimechukuliwa kwenye ndege halisi, au ni makadirio? La pili ni orodha ya kila kilichobadilishwa, kuanzia injini hadi breki, pamoja na hesabu ya uzito na mizani baada ya mabadiliko. La tatu ni daftari la vifaa: chuma kilinunuliwa wapi, mbao zilikaguliwa na nani, gundi ni ya aina gani. La nne ni kibali cha kuruka na mipaka yake, kwa kuwa ndege isiyoruhusiwa kubeba abiria wa kulipa haiwezi kupigiwa hesabu ya mapato ya abiria. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika ndege daftari likikosekana wanaokwisha huwa ni watu.

Muuzaji wa ndege iliyofufuliwa naye aulizwe maswali hayo hayo, na la nyongeza: ni sehemu gani ya chombo hiki iliyokuwepo siku ya vita? Akijibu kwa uwazi, bei itajipanga yenyewe. Atakayelipia kumbukumbu atalipa akijua, na atakayetaka ndege ya kuruka atagundua kwamba nakala yenye daftari safi inampa zaidi kwa fedha pungufu.

Siku soko litakapofika hapo, oda 20 hazitakuwa ndoto kwa karakana yenye kalibu nzuri, na mzigo wa maandalizi utagawanyika kama hesabu inavyotaka. Vijana watapata sababu ya kujifunza kukunja alumini, kusubu vyuma vya injini na kuunganisha mbao za mabawa kutoka kwa wazee ambao bado wapo. Kizuri chajiuza. Ndege iliyoundwa vizuri haina haja ya kuazima namba ya marehemu ili ipate mnunuzi.